Walalahoi wa Roma na Jiko Letu la Malton

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako: ukimpikia mtu, akala, akashiba, akalamba na vidole, halafu akasimama akasema wewe wa jikoni huna kauli, utamfanya nini? Usinijibu upesi. Mimi nilidhani jibu ninalo, nikakosea, tena nikakosea kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye anaweza kulikosea. Sogea karibu nikueleze. Nikikasirika napaza sauti, na hizi ndege za hapa Malton zikipita juu ya paa inabidi nipaze zaidi.

Mimi mtu wa Tanga. Shule nilikwenda mpaka nikaweza kusoma maandishi ya ubavuni mwa basi, nikatolewa, nikapelekwa kwa shangazi yangu kusaidia jikoni, na yaliyobaki nimeyasomea huko huko jikoni. Huku Malton, pembeni mwa Toronto, Kanada, nililetwa na binti yangu. Yeye yuko pale kiwanja cha ndege, upande wa mizigo, kazi ya shifti; wiki hii anatoka alfajiri, wiki ijayo anarudi mimi nimeshalala. Basi nyumba naishika mimi, na mtoto wake namshika mimi.

Sasa wajukuu. Wa kwanza ni wa mwanangu wa kiume, anaishi Brampton, mji wa jirani. Kijana mrefu, mzuri, ana gari. Akija ananibusu kwenye paji la uso, anasema, "Hai, Bibi." Mimi namjibu "Marahaba," ingawa hajaniamkia. Halafu tunatazamana. Basi! Tunachekeana kama watu waliokutana kwenye lifti. Nampenda mpaka mbavu zinaniuma, na sina neno la kumwambia akalielewa zaidi ya "kula". Anakula. Anakwenda zake. Mimi nabaki na sahani.

Ndiyo maana tuna kile chumba, ngoja nikueleze.

Chama chetu cha Waswahili wa upande huu kina ukumbi, uko nyuma ya duka la matairi. Ukiingia unanusa mpira kwanza, bizari baadaye. Humo tumo wote, sisi wa Tanga na wa Dar, Wakenya, Wakongo, Waislamu, Wakristo, watu wa ofisini na watu wa maghalani. Nyuma ya jukwaa pana chumba kidogo chenye zulia, hakina dirisha, na bomba lake la joto linagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Jumamosi sisi mabibi tunakaa humo na watoto. Hatufundishi, nani alitufundisha sisi kufundisha? Tunawatega vitendawili, tunawahadithia, tunawakaripia, tunawagawia kashata. Anayetaka kashata nyingine aiombe kwa Kiswahili. Utashangaa kashata inavyofungua ulimi.

Mjukuu wangu wa kike, huyu wa binti yangu ninayekaa naye, alizaliwa hapa hapa, na amekulia chumba kile. Ananitania, ananijibu, ananiita mke mwenzie kwa sababu ya marehemu babu yake. Anachanganya, ndiyo, Kiswahili chake kina matundu kama chapati ya mwanafunzi, lakini tunazungumza. Tunagombana! Huyu na yule wa Brampton damu moja, shule zile zile za Kizungu, pua moja. Kilichowatofautisha ni chumba kile tu.

Sasa sikia ufedhuli.

Chama kina mwenyekiti. Amekaa kile kiti mpaka kimechukua umbo lake. Kila uchaguzi ukikaribia, anavaa kanzu nyeupe iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe, anatushika mikono mmoja mmoja, "Mama zangu, mama zangu." Akishapita, kanzu inarudi kabatini na sisi tunarudi jikoni. Na kura zetu zina desturi. Hatuhesabu mikono, wanasema kuhesabu mikono kunaleta ugomvi. Tunahesabu safu. Safu inanong'onezana, inatoa neno moja, hiyo ni kura moja. Mbele pana vile viti vipana vya mikono, wachache wanajaza safu. Hao ni kamati na waheshimiwa, na safu zao nyingi. Nyuma yao safu za waume za watu. Halafu vijana. Na mwisho kabisa "safu ya jiko". Sisi! Wanawake wote tunaomenya, tunaokaanga, tunaoosha, hata tuwe tumebanana humo kama dagaa, ni safu moja. Na mwenyekiti anaanza mbele. Safu zikishapita nusu, anapiga meza, "Imepita!" Makofi. Jikoni tunajua jambo limepita kwa kusikia makofi. Jambo gani? Tutaambiwa tukipeleka chai.

Miaka yote hiyo hatukuona neno. Tulidhani ni adabu tu, wakubwa kwanza.

Mpaka siku moja nakata vitunguu, mlango haukufungwa vizuri, nikamsikia mwenyekiti anasema kile chumba cha nyuma "hakitumiki". Hakitumiki! Ati kitolewe zulia, kiwekwe makochi na televisheni kubwa, kiwe chumba cha kupokelea wageni waheshimiwa. Wageni gani? Wangapi wamekuja tangu ukumbi ufunguliwe? Nakwambia mimi, walitaka mahali pa kutazamia mpira bila wake zao. Siku ile theluji ilikuwa imewazuia wengi wa viti vya mikono, basi akasema tutapiga kura mkutano ujao. Machozi yalikuwa yananitoka, mama mmoja wa Kikongo tunayepika naye akadhani ni vitunguu. Nikamwambia. Akaweka kisu chini.

"Ile mambo haiko muzuri, mama," akasema. "Batoto batakwenda wapi?"

Mimi nikasema, "Watakwenda kwenye simu zao, wataenda wapi tena."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mjukuu wangu yuko mezani na masomo yake, vitabu vimetapakaa mpaka kwenye bakuli la ndizi. Nikachukua kinu nikaanza kutwanga kitunguu thomu, natwanga kama namtwanga mtu.

"Bibi, thomu imekukosea nini?"

"Soma."

"Nasoma. Lakini meza inaruka."

"Unasoma nini?"

"Warumi. Wa zamani, zamani sana. Vile walikuwa wanapiga kura."

Nikasema aa, hao wana nini na mimi. Lakini unajua tena, mimi hadithi hainipiti. Nikamwambia, haya, nihadithie, leo zamu yako.

Akaanza. Ati Warumi walikuwa na mfalme, akawachosha, wakamfukuza. Wakasema hatutaki tena mtu mmoja akae juu mpaka afe. Wakaweka wakubwa wawili, wawili kwa pamoja, kila mmoja amchunge mwenzake, na mwaka mmoja tu. Ukiisha, shuka.

"Mwaka mmoja?" Nikaacha kutwanga. "Na asiposhuka?"

"Anashuka, Bibi. Na akishashuka wanaweza kumpeleka kortini."

Mama yangu! Nikacheka peke yangu, nikamwona mwenyekiti wetu na kanzu yake mlangoni pa korti. Nikamuuliza kama hao nao walivaa kanzu za kuombea kura. Mtoto akaruka kwenye kiti. "Bibi, ndiyo! Walikuwa wanapaka chaki kwenye nguo iwe nyeupe sana, wanatembea sokoni wanashika watu mikono." Sasa hapo tukacheka wote wawili mpaka kinu kikaanguka.

Halafu akaja kwenye kura yenyewe, na kicheko kikanikauka mdomoni. Anasema watu waliwagawa mafungu kwa mali. Matajiri, wachache, wakapewa mafungu mengi. Wa kati wakapewa yao. Na wale wasio na kitu, walalahoi, ambao ndio wengi, wakasombwa wote wakatiwa kwenye fungu moja. Fungu moja, kura moja. Na kuhesabu kunaanza kwa matajiri. Wakishafika zaidi ya nusu, basi, nendeni nyumbani. Walalahoi hata hawaulizwi.

Nikakiokota kinu, nikakiweka mezani.

"Bibi?"

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hiyo ni safu ya jiko."

Naye ameshuhudia mikutano ile tangu mdogo, alikuwa anajificha chini ya meza ya samosa. Akafunika mdomo kwa mkono. Nakwambia nilihisi moto umepanda kutoka kwenye nyayo. Miaka yote nadhani tunafanya adabu, kumbe tunafanyiwa ujanja uliozeeka kuliko mitume! Nikasonya msonyo ambao nadhani jirani wa bezimenti, kule chini ya nyumba, aliusikia.

"Na wao walifanyaje?" nikauliza. "Hao walalahoi."

Hapo ndipo alipovuta kiti. Ati walichoka. Hawakuchukua panga, hawakuchoma nyumba. Waliondoka tu. Walitoka mjini wote wakapanda mlima, wakakaa. Mjini hakuna wa kuoka mkate, hakuna wa kufua chuma, na adui akija hakuna wa kushika mkuki, maana askari ni hao hao. Vigogo wakabaki wanatazamana na majumba yao. Wakaogopa. Wakamtuma mtu mwenye ulimi laini awabembeleze kwa hadithi, ati mwili uligoma, mikono na meno vikakataa kulilisha tumbo kwa kuwa tumbo halifanyi kazi, mwisho mwili wote ukadhoofu.

"Wakarudi kwa hadithi?" Nimewaka. "Hadithi ya tumbo?"

"Subiri, Bibi. Walikataa kurudi mpaka wapewe watetezi wao. Watu wao wenyewe. Mtetezi, hakuna mtu anaruhusiwa kumgusa. Mlango wa nyumba yake haufungwi, mchana na usiku, mtu akionewa aingie. Na wakubwa wakitaka kufanya kitu kibaya, yeye anasema neno moja tu. Nakataza. Na kitu kinasimama."

Nakataza. Nililirudia lile neno kama mtu anayeonja chumvi.

"Na wanawake wao walichagua mtetezi gani?"

Akaangalia kitabu, akaniangalia mimi. "Wanawake hawakuwa wanapiga kura kabisa, Bibi. Hata hao wa mlimani hawakuwapa. Na watumwa pia hapana."

Basi nikawakasirikia wote, vigogo na walalahoi wao. Wamepanda mlima kudai haki, na mkate wa njiani wameliachia jiko liwafungashie! Lakini ujanja ni ujanja, hata ukiuokota kwa mtu mbaya. Usiku ule niliswali, nikalala usingizi mzuri.

Nikawaeleza wenzangu. Mama wa Kikongo akasema yeye tayari hata kesho. Na yule nesi wa Kakamega, msichana wa watu anayetoka zamu ya hospitali akaja kusaidia na macho mekundu, akasema, "Aki mama, hawa watu wametuzoea vibaya. Twende. Lakini mlima uko wapi?"

Kweli bwana, mlima uko wapi? Malton ni tambarare kama sinia. Ukitoka nje na baridi ile ukakae uwanjani, utaokotwa na gari la wagonjwa. Tukakubaliana mlima wetu ni ile mol, jumba la maduka la hapo karibu, sehemu ya kulia chakula, pana joto, pana vyoo, na walinzi wanatujua maana wazee wa kila kabila wanashinda pale.

Siku ya mkutano ikafika. Mjukuu wangu nikamwacha ukumbini na watoto, ili atuletee habari vigogo watakavyohangaika. Sisi tukafunga mitandio, tukavaa makoti, tukatokea mlango wa nyuma kimya kimya, safu ya jiko nzima. Nakwambia nilijiona mwanajeshi! Tukakamata meza za mol, tukaagiza chai, tukakaa wima tukisubiri yule mwenye ulimi laini.

Tukasubiri. Chai ikapoa. Tukaagiza nyingine. Mama wa Kikongo akasema labda wanatafuta maegesho.

Simu ya nesi ikalia. Mjukuu wangu.

"Bibi, wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

"Kila kitu. Wamepiga kura, imepita. Wamekula. Mwenyekiti amesema pilau ya leo imetulia. Bibi, hawajui kama mmetoka. Wanadhani mko jikoni."

Ndiyo. Unanielewa? Tuligoma, lakini tulipika kwanza. Pilau tumeiacha kwenye mahotipoti, imefunikwa na vitambaa isipoe. Kuku wa kukaanga. Sahani tumezipanga, vijiko tumevifunga kwenye tishu. Nani kati yetu angeweza kuondoka aache watu na njaa? Wamealikwa! Mgeni akiondoka kwako na tumbo tupu, aibu si yake. Wala hatukulijadili hilo, hakuna hata mmoja aliyelitaja, mikono ilipika yenyewe kama inavyopumua.

"Bibi," mtoto akauliza kwenye simu, polepole, "mliwaachia chakula?"

"Sasa wageni je?"

"Na kachumbari?"

Nikawageuzia wenzangu mgongo. "Na kachumbari," nikasema.

Alicheka, jamani, alicheka mpaka akakata simu. Mimi sikucheka. Nilikaa pale nikitazama kile kikombe cha karatasi, hasira imenijaa hadi masikioni, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Wao, waliokula bila kugeuza shingo kutazama jikoni kuna mtu au hakuna mtu? Au huu mkono wangu? Miaka na miaka nadhani wanatuona na wanatudharau. Kumbe walikuwa hawatuoni kabisa! Kudharauliwa ni afadhali, anayekudharau angalau amekutazama.

Jioni mjukuu wangu akaja akakaa pembeni yangu kitandani, amejikaza asicheke. "Bibi, wale wa Roma... hawakuoka mkate halafu wakaondoka."

"Nimekusikia."

"Nasema tu."

"Nimekusikia, mke mwenzangu. Nitolee balaa."

Zulia lilikuwa litolewe baada ya sikukuu ya chama, ile tunayoifanya baridi ikianza kulegea. Na mwaka huu mwenyekiti alikuwa amemwalika diwani wa mji, mtu mkubwa, aje aone chama kilivyo. Ametangaza kila mahali. Atalishwa vyakula vya asili, ati. Vya asili! Asili ni mimi na huu mgongo!

Safari hii tulikula kiapo. Si pilau, si chai, si maji ya kunywa. Nilivyoapa niliogopa, wallahi, kuliko siku niliyoolewa. Mama wa Kikongo alisema kama kuna atakayebeba hata kitunguu kwenye mkoba atamkagua mwenyewe, na alitukagua. Bibi mmoja wa Mombasa alikutwa na birika la chai ya tangawizi. Akasema ni ya kwake. Likanyang'anywa.

Tena tuliwachukua watoto. Chumba hakitumiki? Haya, tukakitumie mol. Tukawakalisha duara baina ya meza, mabibi katikati, nikawatega: "Kitendawili!" "Tega!" Sauti zao zikapanda mpaka kwenye paa la vioo. Wazee wa Kipunjabi wakageuza viti kutazama. Mlinzi akaja, nikampa kashata, akakaa.

Na ukumbini, haya nimeambiwa baadaye. Mwenyekiti anaingia jikoni anatafuta sinia la kumwonyesha diwani, anakuta jiko baridi kama kaburi. Magunia ya mchele yamefungwa. Anafungua hotipoti, anachungulia, anafunika. Anafungua tena, kama pilau ilikuwa imejificha tu. Wakaagiza piza. Diwani akala kipande, akauliza kwa upole, lini ule wali aliosifiwa unakuja?

Hapo ndipo tukamwona katibu wa chama anaingia mol, amevaa suti, jasho linamtoka na nje kuna barafu. Huyu bwana ulimi wake ni laini, alikuwa mwalimu huko nyumbani. Akatuinamia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

"Mama, sisi ni watu wamoja. Mama, chama ni kama mwili. Mwili una mikono, mwili una..."

"Bibi!" Mjukuu wangu alipiga ukelele mpaka watoto wakashtuka. "Bibi, ni yule! Ni yule wa tumbo!"

Tukaangua kicheko, duara zima, mpaka walioketi mbali wakacheka bila kujua kwa nini. Katibu maskini anageuka huku na huku, anajitazama tumbo lake. Nikampa kiti, sikumpa chai.

Nikamwambia, "Baba, hadithi usinihadithie mimi. Mimi ndiye mwenye hadithi hapa. Tumbo tumelijua, tumelilisha siku zote. Leo tunataka kuzungumza habari za mdomo. Kamwambie aliyekutuma, kura ipigwe upya, na ihesabiwe vichwa, si safu. Kichwa cha jikoni na kichwa cha kwenye kiti cha mikono uzito mmoja, kapime kama hutaki. Na kuhesabu kuanze jikoni. Na mtu mmoja wetu awe na kiti mbele, mkileta jambo la kutuonea aseme nakataza, na lisimame mpaka lizungumzwe na wote."

"Mama, hilo la kukataza halipo kwenye katiba."

"Na pilau ipo?"

Akaenda. Akaja mwenyekiti mwenyewe, bila kofia, koti limefungwa vifungo kombo. Akasimama mbele ya duka la kuku.

"Mama, unaniaibisha mbele ya diwani."

"Mimi nimekaa mol, nakunywa chai yangu. Nimekuaibishaje?"

"Niambie mnataka nini."

"Kakuambia katibu."

"Kwa chumba tu, mama? Yote haya kwa chumba kisichokuwa na dirisha?"

Hapo sasa nikasimama. Magoti yanauma lakini nilisimama. Nikamwambia, "Wewe una watoto. Mara ya mwisho mwanao alikwambia kitu kwa lugha ya mama yako lini?" Akaanza kuvipanga vifungo vya koti lake. Nikamwambia, "Mimi nina mjukuu Brampton namchekea kama mgeni. Mmoja nimempoteza hivyo, akiwa hai, ananibusu. Hawa hamniondolei kwa ajili ya makochi."

Akatazama wale watoto. Sikuona kama alilainika, usidhani. Niliona anahesabu muda, diwani anasubiri. Akasema, haya.

Kura ikarudiwa, diwani akitazama, na mwenyekiti akitabasamu kwa meno yote. Tukahesabiwa vichwa, jikoni kwanza. Nilinyoosha mkono wangu juu, mkono huu huu uliopika bila kuulizwa. Vijana wa nyuma nao wakanyoosha. Na waume wengine pia, niseme kweli, hasa walioiona piza. Chumba kikabaki chetu, na kile kiti cha mbele cha kukataza wakanikalisha mimi.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi! Tulipika siku ile ile, ingawa saa zilikuwa zimekwenda, diwani akala mpaka akalegeza tai. Lakini tulipokuwa tunaosha vyombo mwenyekiti akaja mlangoni, kwa mara ya kwanza namwona mlangoni pale, akasema kwa sauti ya asali, "Mama, leo mmeshinda. Hakuna haraka. Mambo ya chama yanakwenda na wakati, na wazee nao ndiyo hivyo, wanapita." Akanitazama mvi, akamtazama mama wa Kikongo na fimbo yake, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda.

Umesikia? Anatusubiri tufe. Hagombani tena, anangoja tu. Nimekuwa na hasira nyingi maishani lakini ile ilikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Nilipanda basi na mjukuu wangu, tikiti nikaisokota mpaka kituo chetu ikawa uzi. Tulipofika nyumbani nikakaa kitandani na koti langu. Nikamwambia kile kiti nimepewa, lakini nitakikalia muda gani? Nikiondoka, nani atasema nakataza, kwa lugha gani?

Akapiga magoti akanivua viatu, kimoja kimoja, kama nilivyokuwa nikimvua yeye alipokuwa mdogo akitoka kwenye theluji. Halafu akasema kwa Kiswahili, chote, hakuchanganya hata kipande, na alikuwa anatafuta maneno polepole kama mtu anayechambua mchele:

"Bibi, ukichoka nitakaa mimi. Jumamosi nitakuwa chumbani na watoto, na mlango sitaufunga. Wakileta ujanja wao nitakataza. Wakikataa kunisikia nitaondoka, nitawachukua wote twende. Na nakuahidi, Bibi, hata kachumbari sitawaachia."